Ukaguzi wa kuingia sina neno, wa kutoka ndio tuongee

Mtumishi wa ofisi yetu anafunguliwa mkoba mara mbili kwa siku, asubuhi akiingia na alasiri akitoka. Ugomvi wangu ni na hiyo ya pili. Ya kwanza nimeikubali, na nikiulizwa mbele ya watu nitaitetea, hata siku za masika foleni inapofika barabarani na mvua inatunyeshea sote.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Ipo Mwanza mjini, na ukisimama dirishani unaliona ziwa. Hilo halimsaidii mtu kuitambua, maana Mwanza dirisha lisiloona ziwa linaona mawe. Mimi ni mtu wa masjala. Kazi yangu ni kufungua mafaili, kuyapa namba, kuyapeleka kwa wakubwa na kuyafuatilia hadi yarudi. Kwa hiyo suala la vitu kutoka ofisini bila ruhusa si geni kwangu. Ndilo linalonilipa mshahara.

Wenzangu vijana wanadhani ukaguzi wa getini ulikuwepo tangu Uhuru. Nilipoanza kazi, mwananchi aliingia ofisi ya serikali na kikapu chake, ndani mna jogoo wa kumpelekea shemeji, akamsukumia chini ya benchi na kusubiri zamu yake. Mlinzi alikuwa mzee mmoja mwenye rungu na redio ndogo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuelekeza watu vyumba. Kisha ikaja Ijumaa ya 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi zikalipuliwa kwa wakati mmoja. Dar walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200, wengi wao watu waliokuwa kwenye shughuli zao za kawaida. Baada ya siku ile geti la ofisi ya serikali halikuwa tena mahali pa kupita tu. Na lilipotokea shambulio la Westgate kule Nairobi, 21 Septemba 2013, hata madukani tukaanza kufunguliwa mikoba.

Sisi wa kanda ya ziwa habari hii ina mkia wake. Miaka miwili kabla ya milipuko ile, 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya ndugu zetu. Baadaye sana, Wamarekani walipokuwa wanachunguza mambo yao, ikabainika kwamba miongoni mwa waliozama alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaida. Alisafiri kama abiria mwingine yeyote. Nikifikiria hilo huwa najiuliza mlinzi wa bandarini angefanya nini hata kama angemfungulia begi. Angekuta mashati.

Lakini hoja hiyo haivunji ukaguzi wa asubuhi. Ofisi yetu inapokea watu mamia, wengine wamekuja na hasira za viwanja, na kisu cha jikoni hakichagui mahali. Mlinzi akiniambia "Shikamoo mama, naomba mkoba," namwambia marahaba na kuufungua mwenyewe. Tena uwanja wa ndege wa Mwanza tumezoea zaidi ya hapo: unavua mkanda, unaweka pochi kwenye trei, mbele yako yupo mkurugenzi, nyuma yako mama wa dagaa anayekwenda Dar, na nyote mmeshika viatu mkononi. Sijaona mtu akinuna pale. Kinachotafutwa kinajulikana, na kila mtu anatafutwa.

Naomba tu msomaji akumbuke jambo moja kuhusu Dar es Salaam: bomu lile lilifika ubalozini ndani ya lori. Nitalirudia hilo lori.

Sasa njoo saa tisa na nusu alasiri, muda wa serikali wa kufunga kazi. Foleni ni ileile, imegeuka upande. Wakati huu mlinzi hatafuti bomu. Nani atoe bomu nje? Anatafuta rimu ya karatasi, wino wa printa, balbu, sabuni ya chooni, flashi. Yaani asubuhi nilipoingia nilikuwa mtu anayelindwa na mwenzangu, alasiri nimekuwa mtu anayelindwa dhidi yake. Geti ni lilelile, kijana ni yuleyule, mkoba ni uleule, lakini swali limebadilika kabisa na hakuna aliyetuambia lilibadilika lini. Tangazo lililobandikwa ukutani linasema "kwa usalama wako". Hiyo ni ya asubuhi. Ya alasiri haina tangazo.

Watu wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa ukaguzi wa namna hii. Ndugu zetu waliopita kwenye viwanda vya minofu ya sangara wanaujua vizuri. Bondo la sangara, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwake, ni dogo, ni jepesi, na likishakauka kilo yake inauzwa bei ambayo minofu haiisogelei. Linaingia mfukoni, linaingia kwenye soksi. Mwenye kiwanda analinda mali inayoonekana, na mfanyakazi anajua kinachotafutwa mwilini mwake. Ni kazi ya kudhalilisha kiasi, nakiri, lakini ina mantiki. Ofisini kwetu tumeazima desturi ile bila bondo.

Sisemi watumishi ni malaika. Wino wa printa unaingia kwenye mkoba wa kike bila shida, na bei yake si ya kuchezea. Rimu zinatoka; msimu wa shule ukifungua zinatoka zaidi, na sote tunajua watoto wa nani wana madaftari ya kuchora yenye karatasi nzuri. Ila mali ya serikali ilishawekewa namna zake za kulindwa, nazo ni za zamani kuliko geti. Kiti kina namba yake iliyoandikwa kwa rangi. Stoo ina leja, na anayechukua rimu anasaini. Dawa za Bohari ya Dawa zinapigwa alama ya GOT, yaani Serikali ya Tanzania, ili zikionekana kwenye duka la mtu zijieleze zenyewe zilikotoka. Alama hiyo haimfungulii mtu pochi. Inaisubiri dawa kule inakokwenda kuuzwa, ambako ndiko mwizi anakopata faida yake. Afisa ugavi anayejua hesabu za leja yake atakuambia wino umepungua idara ipi bila kugusa mkoba wa mtu. Asiyejua hesabu ndiye anayeomba mlinzi amsaidie.

Kilichonifanya niandike haya ni mama mmoja, mtumishi mwenzangu wa siku nyingi. Nimemwomba ruhusa, akasema andika lakini usiseme naketi chumba gani. Mama huyu anatumia dawa za kufubaza virusi. Kopo lake lilikuwa linakaa kwenye mkoba, chini kabisa, chini ya kanga na kontena la chakula. Alasiri moja kijana wa getini, mgeni kazini, aliingiza mkono, akalipata, akalitoa na kulitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza kama njugu zimekauka. Lililia. Akauliza, bila ubaya wowote, "Hiki nini mama?" Nyuma yake walikuwepo watu wa idara ya fedha, dereva wawili na binti wa mazoezi ya kazi. Mama akasema ni vitamini. Kijana akaligeuza kusoma karatasi yake. Akalirudisha haraka, akainamisha macho, akasema "pole mama, pita." Hilo "pole" ndilo lililommaliza.

Tangu siku hiyo haji na kopo. Anafunga vidonge vyake kwenye kipande cha karatasi laini, anavitia ndani ya kipochi cha senti, vinakaa humo na jasho na vumbi la sarafu. Kila muuguzi wa kliniki atakuambia dawa ikae kwenye kopo lake lililofungwa vizuri. Nchi hii ilitunga mwaka 2008 sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi, na usiri wa hali ya mtu ni moja ya nguzo zake. Sidhani aliyeitunga alimfikiria kijana wa getini anayetafuta rimu.

(Zamani hapa palikuwa na suluhisho la wanawake. Vitu vya faragha uliviweka kwenye rambo nyeusi, ukapiga fundo, na mlinzi mwenye malezi aliiona akaipita. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 1 Juni 2019, jambo zuri kwa ziwa letu na mifereji yetu, rambo nyeusi ikaondoka na heshima yake. Hivi vifuko vya kitambaa chepesi vinaonyesha kila kitu.)

Kijana yule simlaumu sana. Ameletwa na kampuni iliyoshinda zabuni, anasimama kutwa juani, na hakuna aliyemfundisha tofauti ya kopo la dawa na chupa ya wino. Alichoambiwa ni "kagua". Na akikagua kwa ulegevu, siku kikipotea kitu yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Wa kuulizwa ni aliyemwagiza.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Wengi wanaishia hapo wanaponukuu. Mimi napenda zaidi sehemu ya pili ya ibara hiyo, inayosema mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho faragha ya mtu yaweza kuingiliwa. Hali, namna na kiasi. Yaani Katiba haikatazi kufunguliwa mkoba. Inadai ijulikane ni wakati gani, kwa jinsi gani, na kuishia wapi. Hata polisi wamewekewa mpaka: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Mtuhumiwa wa wizi ana haki hiyo. Mimi ambaye sijatuhumiwa kitu napekuliwa na kijana wa kiume kwa sababu mlinzi wa kike siku hiyo yupo geti la nyuma.

Wamarekani waligombana juu ya jambo hili hadi Mahakama yao ya Juu. Daktari wa magonjwa ya akili, Magno Ortega, mtumishi wa hospitali ya jimbo kule Napa, California, aliwekwa likizo mwaka 1981 akichunguzwa, na wakubwa wake wakaingia ofisini kwake wakapekua meza na makabati. Waliondoka na vitu ambavyo nikivisoma nasikitika: kadi ya Siku ya Wapendanao, picha, na kitabu cha mashairi, vyote alivyotumiwa na daktari aliyewahi kufanya mafunzo pale. Mwaka 1987 Mahakama ikasema mtumishi wa serikali haziachi haki zake mlangoni mwa ofisi, ila mwajiri anaweza kupekua mahali pa kazi bila kibali cha hakimu iwapo sababu ni ya kikazi na upekuzi wenyewe ni wa kiasi. Kesi ilirudishwa chini, ikazunguka miaka mingine, na 1998 mahakama ya rufani ikathibitisha ushindi wa daktari.

Ndani ya uamuzi ule wa 1987 kuna jambo dogo ambalo kwangu ndilo kubwa. Majaji walisema kipimo cha kupekua meza au kabati la kazini si lazima kitumike kwa begi lililofungwa, mkoba wa kike au mkoba wa nyaraka ambao umejikuta tu katika eneo la mwajiri. Meza ni ya serikali, nimepewa niitumie. Mkoba nilinunua mwenyewe Makoroboi, na humo ndani nimebeba nyumba yangu: funguo, dawa, risiti ya ada, kanga ya dharura, matobolwa ya kutafunia njiani. Hiyo ni sheria ya Marekani, haitufungi sisi. Lakini fikra yake inaeleweka hata kwa bibi yangu Misungwi, ambaye hakuna mjukuu aliyethubutu kufungua kikapu chake.

Turudi kwenye vitu vinavyotoka. Nimesema mimi ni wa masjala. Zipo mbili, masjala ya wazi na masjala ya siri, na katika zote kitu cha thamani ni kilichoandikwa. Zamani mtu aliyetaka kuuza siri ya faili ilimlazimu alibebe, na faili la serikali ni zito, linaonekana, lina jalada linalojulikana mita 10. Mlinzi wa zamani angeweza kulikamata. Leo mtu anafungua ukurasa, anaupiga picha kwa simu, anaituma kwa WhatsApp kabla hajarudisha faili kwangu. Alasiri anapanga foleni kama wengine. Mlinzi anafungua mkoba, anaiona simu imekaa juu, anaisogeza pembeni kwa adabu, na kuendelea kutafuta rimu chini yake. Nimelitazama jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi linanichekesha. Wala sitaki waanze kukagua simu, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba kilicho ghali zaidi katika jengo letu kinapita mbele ya macho yake kila siku, na sote tumekubaliana kutokiona.

Na lori? Lori linapita. Wakati sisi tumepanga mstari tukiwa na mikoba wazi, nyuma yetu linapiga honi shangingi la STK, namba ya magari ya serikali. Mlinzi anaacha mkono wake ndani ya mkoba wa mtu, anakimbia kunyanyua kizuizi, anapiga saluti. Vioo vyeusi vinapita. Kiti cha nyuma cha gari lile kinameza kompyuta 4 na printa na bado mkubwa anakaa kwa raha. Sisemi wanabeba. Sijui, na mlinzi hajui, na hilo ndilo ninalolalamikia: ukaguzi uliowekwa kwa ajili ya mali unakagua wale wasio na nafasi ya kubeba mali. Katibu muhtasi anaulizwa habari ya kalamu mbili. Gari halina wa kuliuliza, ingawa ukitaka kutoa kiti kibovu kwenda kwa fundi unatakiwa uwe na hati yenye sahihi na muhuri.

Kila mwaka, karibu na mwezi wa nne, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zinafika bungeni na sisi tunazisoma ofisini kama watu wanaosoma habari za mtaa wa pili. Soma mahali popote: malipo yasiyo na viambatisho, manunuzi yaliyokiuka taratibu, mapato yaliyokusanywa kwa mashine za POS yasiyofika benki. Sijawahi kukuta hoja ya ukaguzi inayohusu sabuni ya chooni. Fedha ya umma ikipotea inapotea kwa sahihi, na sahihi inatoka getini imekaa kidoleni.

Kuna na muda. Nikitoka masjala saa tisa na nusu kamili, daladala ya Buhongwa ninayoilenga huwa imeshaondoka nikimaliza foleni. Kazi imekwisha lakini siwezi kuondoka. Nipo wapi hapo, kazini au nyumbani? Wamarekani hili nalo wamelipeleka mahakamani, safari hii watu wa kampuni binafsi, na majibu yamepishana. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilisema wafanyakazi wa ghala waliodai kusubiri kukaguliwa kama dakika 25 kila siku hawastahili kulipwa muda huo kwa sheria ya shirikisho. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya California, kwa sheria ya jimbo lake, ikasema wafanyakazi wa maduka ya Apple waliokuwa wanakaguliwa mabegi wakitoka walipwe, kwa sababu muda ule walikuwa bado chini ya amri ya mwajiri. Sidai hela ya dakika zile. Ila ningependa anayetoka kwa gari naye asubiri kidogo, tujue kama foleni ingeendelea kuwa ndefu hivyo.

Mzee mmoja wa ulinzi tuliyekuwa naye, sasa amestaafu, alikuwa na namna yake. Alikuwa anasimama, anakusalimu "mwangaluka," anakutazama usoni, kisha anasema, "Fungua mwenyewe mama, nionyeshe unachotaka nione." Watu walicheka wakisema huo si ukaguzi. Lakini aliwahi kumkamata fundi mmoja na nyaya za shaba kiunoni, kwa sababu alimwona anatembea vibaya. Alikuwa anawafahamu watu wake, na mkono wake haukuingia kwenye mkoba wa mtu.

Sheria ya Majadiliano katika Utumishi wa Umma ya 2003 ndiyo iliyotupa mabaraza ya wafanyakazi, na kwa kawaida kwenye baraza letu tunajadili posho na chai. Safari iliyopita niliandika ajenda tatu. Kwanza, ukaguzi wa kutoka uandikwe: nani anakagua, anatafuta nini, mwanamke akaguliwe na mwanamke, na iwekwe meza yenye pazia kwa anayetaka faragha. Pili, dawa na vitu vya mwili visitolewe nje ya mkoba. Tatu, magari yote yanayotoka yafunguliwe buti, ya mkubwa yakiwa ya kwanza.

Ya kwanza ilipita, na pazia limeshawekwa, la bluu, limeshonwa kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya ukumbi. Walinzi wa kike sasa wawili, mmoja kila geti. Ya pili ilipita baada ya mabishano kidogo. Mtu wa fedha alisema wezi watajificha kwenye pedi, akazomewa. Mama wa kopo aliketi mstari wa nyuma na hakusema kitu, ila alinyoosha mkono wakati wa kura.

Ya tatu imeahirishwa. Nimeambiwa ni nzuri lakini inahitaji kufanyiwa kazi zaidi, na kwamba niiwasilishe upya kwa maandishi kupitia kwa mkuu wa idara. Barua nimeshaiandika. Mkuu wa idara yupo safarini Dodoma, na gari ameondoka nalo.